Miguu Huchoka, Masomo Hubaki

Ukurasa wetu wa malezi juma hili unashika swali linalorudi mara kwa mara katika mikutano ya vikundi. Mtoto ana kipaji cha mchezo. Anapenda mpira au mbio kuliko daftari. Je, tumwache acheze, au tumkataze ashike masomo tu?

Sisi walimu tunaona majibu ya aina mbili majumbani. Kuna mama anayeona mpira ni uzururaji. Mtoto akichelewa kiwanjani, mpira unakatwa kwa kisu na fimbo inatembea. Na kuna mama mwingine ambaye, akisikia watu wanamsifu mwanawe, anaanza kuota ndoto za Ulaya. Mtoto anaacha shule akiwa darasa la sita la msingi, anazunguka na ekipe moja hadi nyingine, mama anangoja simu ya bahati ambayo haipigi.

Hapa kwetu kuna na jambo la tatu, nalo ni zito zaidi. Kijana mwenye nguvu ya miguu na mapafu ndiye anayetafutwa kwenye mashimo ya zahabu. Nguvu zile zile zingemkimbiza mbio, huko zinabeba mifuko ya mawe. Leo anapata faranga mkononi, kesho anajiona mkubwa kuliko mwalimu wake, na kiti chake darasani kinabaki wazi. Kwa hiyo tukisema habari za michezo, tusidhani tunasema mambo ya kuchezea. Tunasema habari za watoto wetu watakapokaa wakifika miaka thelathini na mitano.

Tuwaletee habari za mtu mmoja wa Afrika Mashariki, mkimbiaji aliyekuwa kocha wa chuo kikuu. Anaitwa Paul Ereng.

Ereng alizaliwa mwezi wa 8 mwaka 1967 kule Kitale, magharibi mwa Kenya. Ni Mturkana, mtu wa kabila la wafugaji wa nchi kavu ya kaskazini, ambalo si kabila lililozoeleka kutoa mabingwa wa mbio. Alipokuwa kijana alikimbia mita 400, yaani mzunguko mmoja wa kiwanja. Alikuwa mzuri, lakini hakuwa mtu wa kutisha dunia. Kilichomfungulia njia kilikuwa shule: alipata nafasi ya kusoma katika Chuo Kikuu cha Virginia, huko Marekani, na huko akawa mwanafunzi na mkimbiaji kwa wakati mmoja.

Hapa inafaa tueleze jinsi vyuo vya Marekani vinavyofanya, kwa sababu wengi wetu hatujui. Kule, michezo mingi haikui katika vilabu vya mtaani peke yake. Inakuzwa ndani ya shule na vyuo. Chuo kinaweza kumlipia kijana mwenye kipaji masomo, malazi na chakula, naye anakimbia au anacheza kwa jina la chuo. Lakini kuna masharti. Lazima awe ameandikishwa darasani, lazima apite mitihani kwa alama zilizowekwa, na akishuka chini ya alama hizo hawezi kushindana hata kama ana mbio kuliko wote. Tena, wakati wa msimu, kocha haruhusiwi kuwafanyisha mazoezi zaidi ya masaa 20 kwa juma. Masaa mengine ni ya vitabu, chakula na usingizi. Na muda wenyewe una mwisho: mwanafunzi ana misimu ya kuhesabika ya kushindania chuo katika mchezo wake, kisha mlango unafungwa. Ndiyo maana kila anayeingia anajua tangu siku ya kwanza kwamba mchezo utakwisha.

Ereng aliingia katika utaratibu huo. Mwaka 1988 alihama kutoka mita 400 kwenda mita 800, mizunguko miwili. Mwaka huo huo akawa bingwa wa vyuo vya Marekani katika mbio hizo, na mwaka uliofuata akawa bingwa tena. Kenya ikamchukua kwenda Michezo ya Olimpiki huko Seoul, Korea ya Kusini.

Tarehe 26 mwezi wa 9 mwaka 1988 watu wanane walisimama kwenye mstari wa fainali. Kati yao alikuwapo Joaquim Cruz wa Brazili, bingwa wa Olimpiki ya 1984, na Said Aouita wa Moroko, mtu aliyeogopwa na wakimbiaji wote wa wakati ule. Ereng alikuwa na miaka 21, na mbio hizo alikuwa amezianza mwaka ule ule. Mzunguko wa kwanza ulikwenda kwa kasi kubwa. Yeye hakushindana na pupa ya walio mbele. Alikaa nyuma, akatunza nguvu, na kwenye mita za mwisho akawapita mmoja mmoja mpaka akampita Cruz mwenyewe. Alimaliza kwa dakika 1 na sekunde 43.45. Cruz akawa wa pili, Aouita wa tatu.

Mwaka 1989, huko Budapest, akawa bingwa wa dunia wa mbio za ndani ya jumba, akaweka rekodi ya dunia ya dakika 1 na sekunde 44.84. Rekodi hiyo ilidumu miaka 8. Mwaka 1991, huko Sevilla, akashinda taji hilo mara ya pili.

Wamama, hebu tuhesabu pamoja. Kutoka ushindi wa Seoul mpaka taji la Sevilla haikupita hata miaka mitatu. Baada ya hapo hakupata tena ushindi mkubwa wa namna ile. Huyu ni bingwa wa Olimpiki, si mtu wa kawaida, na wakati wake wa kung'aa ulikuwa mfupi hivyo. Alipopata taji la mwisho alikuwa na miaka 23. Mtu wa miaka 23 bado ana maisha marefu mbele: ataoa, atazaa, atalipa nyumba, atalisha watu. Angekuwa na miguu tu, angekula nini?

Jibu liko katika sehemu ya pili ya maisha yake, ambayo watu huisimulia kidogo kuliko ile fainali. Mwaka 2003 Ereng alianza kazi ya kufundisha wakimbiaji wa mbio ndefu na za kati katika Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso, mji wa nchi kavu mpakani mwa Marekani na Mexico. Chuo hicho kimezoea Waafrika wa Mashariki tangu zamani. Mtanzania Suleiman Nyambui, aliyepata medali ya fedha ya mita 5000 katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, alikuwa mwanafunzi wa hapo, na yeye pia baadaye akawa kocha.

Kazi ya kocha wa chuo si kusimama kiwanjani na saa mkononi tu. Anatafuta vijana wenye kipaji na kuwaandikia. Anawapokea wanapofika, wengine wakiwa hawajawahi kupanda ndege wala kuona baridi. Anapanga mazoezi ya mwaka mzima: wakati wa majani kukauka wanakimbia porini na kwenye vilima, wakati wa baridi wanakimbia ndani ya jumba, na wakati wa joto wanakimbia kiwanjani. Anafuatilia kama wanaingia darasani. Anajua nani amepata habari mbaya kutoka nyumbani na nani hali vizuri. Kijana wa Kenya anayefika El Paso akiwa na hamu ya nyumbani anakutana na mtu mzima anayesema lugha yake, aliyewahi kupita njia hiyo hiyo akiwa na umri huo huo.

Mmoja wa vijana hao alikuwa Emmanuel Korir, mtoto wa Iten, aliyezaliwa mwaka 1995. Mwaka 2017 alivaa jezi ya chuo cha El Paso, akawa bingwa wa vyuo vya Marekani wa mita 800, ndani ya jumba na nje. Alikuwa na kasi ya mtu wa mita 400 kama Ereng alivyokuwa. Hakukaa muda mrefu katika ekipe ya chuo. Mwaka huo huo akawa mkimbiaji wa kulipwa, lakini hakumwacha mwalimu wake. Tarehe 4 mwezi wa 8 mwaka 2021, huko Tokyo, Korir alishinda mita 800 za Olimpiki kwa dakika 1 na sekunde 45.06. Mwaka 2022 akawa bingwa wa dunia.

Mwalimu alishinda mwaka 1988, mwanafunzi wake akashinda mbio zile zile mwaka 2021. Katikati ni miaka 33. Miguu ya Ereng ilikuwa imekwisha kazi zamani, lakini alichokijua hakikwisha. Kilihamia kwa mtoto wa mwenzake. Sisi wanawake tunaujua vizuri utaratibu huo. Bibi asiyeweza tena kushika jembe bado anajua siku ya kupanda mpunga, na binti anayemsikiliza havuni njaa.

Labda mama mmoja atasema: hayo ni mambo ya Wakenya, sisi Wakongomani tuna nini? Tuna mfano wetu, na ni mkubwa. Dikembe Mutombo alizaliwa Kinshasa mwaka 1966. Mwaka 1987 alikwenda Marekani, Chuo Kikuu cha Georgetown, kwa ufadhili wa masomo, akitaka kuwa daktari. Kocha wa mpira wa kikapu wa chuo hicho, John Thompson, aliona urefu wake na kumwita katika ekipe.

Thompson naye alikuwa mchezaji kabla ya kuwa kocha. Alicheza misimu miwili na Boston Celtics, kutoka 1964 hadi 1966, na ekipe yake ilichukua ubingwa mara zote mbili. Kisha akaacha kucheza, akafundisha shule ya sekondari, na tangu 1972 hadi 1999 akafundisha Georgetown. Mwaka 1984 akawa kocha mkuu wa kwanza mweusi kushinda ubingwa wa vyuo vya Marekani wa mpira wa kikapu wa wanaume. Katika ofisi yake aliweka mpira uliotoka pumzi. Kila kijana aliyeingia aliuona, na maana yake ilikuwa moja: siku moja pumzi ya mpira itakwisha, wewe utabaki na nini? Tena hakuishia kwenye maneno. Alimweka mwanamke mmoja aliyekuwa mwalimu, Mary Fenlon, afuatilie masomo ya wachezaji, na mama huyo alikaa pamoja na makocha kwenye benchi wakati wa mechi. Kati ya kila wachezaji 100 waliokaa na Thompson miaka yote minne, 97 walimaliza na diploma.

Mutombo alimaliza mwaka 1991, amesoma lugha na mambo ya uhusiano wa mataifa. Alicheza miaka 18 katika ligi kubwa ya Marekani, NBA. Mpira ulipokwisha hakubaki mtupu. Alijenga hospitali Kinshasa na kuipa jina la mama yake, Biamba Marie Mutombo, ambaye alifariki wakati wa vita kwa kukosa kufikishwa hospitalini. Mutombo alituacha mwezi wa 9 mwaka 2024. Hospitali iko, na wamama wanajifungulia humo.

Basi turudi hapa Salamabila. Tunajua hakuna kocha wa Georgetown atakayefika kesho kwenye kiwanja chetu. Hatuwaambii wamama kwamba kila mtoto anayekimbia atavuka bahari. Wengi hawatavuka. Ndiyo sababu ya kushika masomo: mtoto asiyepata bahari apate bado kuwa muuguzi, fundi, mwalimu, au kocha wa watoto wa hapa. Tunachoweza kuiga kwa Ereng na Thompson hakihitaji pesa za Marekani. Ni utaratibu.

Kwanza, mchezo usiwe adui wa daftari. Mtoto anayependa mpira ana kamba mkononi mwako, mama. Usiikate, ivute. Mwambie: ukileta kadi ya alama nzuri, Jumamosi utacheza. Alama zikishuka, mpira unapumzika mpaka zipande. Ukikata mpira kwa kisu umeipoteza kamba hiyo, na shimo la zahabu litamvuta kwa kamba yake.

Pili, mjue kocha. Yule anayewafanyisha watoto mazoezi ni mlezi mwenzako. Nenda kiwanjani ukamwone. Muulize jina lake, anatoka wapi, mazoezi yanaanza saa ngapi na kwisha saa ngapi. Muulize kama anajua mwanao yuko darasa gani. Kocha mwema hufurahi akiulizwa. Anayekasirika, jiulize kwa nini.

Tatu, watoto wa kike. Wasichana wetu wana miguu na akili kama ndugu zao, lakini jioni, wakati wavulana wako kiwanjani, wao wako mtoni na ndoo, jikoni na sombe, mgongoni wamebeba mdogo wao. Tugawe kazi. Mvulana achote maji Jumanne na Alhamisi, dada yake apate saa moja ya kukimbia. Lakini tuweke na ulinzi: mazoezi yafanyike mahali pa wazi, kabla ya giza, na mama mmoja wa kikundi awepo kila siku kwa zamu. Msichana asiitwe peke yake nyumbani kwa kocha, wala asisafirishwe kwenda mechi ya mbali bila mwanamke mtu mzima. Jambo hili halina mjadala.

Nne, tuwaogope wanaouza ndoto. Wako watu wanaopita mijini wakisema wanapeleka wachezaji Ulaya au Marekani, mzazi atoe pesa kwanza. Kama mlivyoona, chuo kinachomtaka mkimbiaji kinataka kwanza diploma yake na alama zake. Kinaandika barua kwa jina la chuo, na barua hiyo inaweza kusomwa na kuhakikishwa. Hakimtumi mtu kupokea dola za mama kwenye kona ya soko. Mkipata barua ya namna hiyo, ileteni kwa walimu tuisome pamoja kabla ya kuuza shamba au kufungua sanduku la akiba.

Tano, kijana aliyekwisha kucheza asitupwe. Hapa kwetu wako waliokuwa nyota wa kiwanja miaka kumi iliyopita, leo wanakaa tu. Wakipewa kazi ndogo ya kufundisha watoto wa shule mara mbili kwa juma, chini ya macho ya wazazi na mkuu wa shule, nao watapata heshima yao tena, na watoto watapata mtu wa kuwafundisha. Vikundi vyetu vinaweza kuwapa sabuni, unga, au faranga kidogo kutoka kwenye michango. Si gharama kubwa kuliko kumtafuta mtoto mashimoni.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi juma hili:

Katika kikundi chetu, ni watoto wangapi waliacha shule mwaka huu, na wako wapi sasa?

Nani anawafundisha watoto wetu mchezo, na ni mama gani kati yetu amekwisha kumtembelea?

Binti zetu wana saa gani ya kucheza, na nani atafanya kazi yao ya nyumbani saa hiyo?

Andikeni majibu kwenye karatasi, mumpe mwakilishi wa kikundi alete kwenye mkutano wa chama. Tutayasoma yote, na yale yanayoweza kusaidia wengine tutayaweka kwenye ukurasa huu. Mbaki na amani, na watoto waende shule Jumatatu.